Je, ni Cayenne iliyoiokoa Porsche? Uchambuzi wa kisa kutoka Kampala

Simama kando ya Jinja Road jioni, magari yanapokuwa yamebanana kuelekea Nakawa. Ukibahatika kuona nembo ya Porsche katika msongamano ule, karibu kila mara itakuwa kwenye SUV, lile gari kubwa la familia lililoinuka juu. Ile 911, gari la spoti lililoipa kampuni jina, Kampala ni kama mgeni wa sikukuu. Kijana aliyezaliwa hapa baada ya 2002 anaijua Porsche kama kampuni ya magari makubwa ya wenye nazo. Wazee wake waliijua kama kampuni ya magari mafupi, yaliyolala chini, yenye injini nyuma.

Kisa cha mageuzi hayo husimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara kwa ufupi uleule: Porsche ilikuwa inakufa, ikatengeneza SUV iitwayo Cayenne, ikapona. Sikubaliani na usimulizi huo, kwa sababu miaka yenyewe inaukataa. Porsche ilikuwa taabani mwaka 1992 na 1993. Cayenne ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris, Septemba 2002. Mgonjwa wa kufa hangojei dawa miaka kumi. Kuna kitu kingine kilichomtoa kitandani, na mtu asipokitazama ataamini kwamba SUV ya kifahari ni tiba ya kampuni iliyofilisika. Imani hiyo ina gharama, kama tutakavyoona kwa Waingereza.

Anguko

Mwaka 1986 Porsche iliuza zaidi ya magari 50,000 duniani, na zaidi ya 30,000 kati ya hayo yalikwenda Marekani. Mguu mmoja ulikuwa umebeba mwili mzima. Mapema 1985 dola moja ilikuwa inanunua zaidi ya mark tatu za Ujerumani, na kufikia mwisho wa 1987 ilikuwa imeshuka chini ya mbili. Gari lililotengenezwa Stuttgart kwa mark na kuuzwa California kwa dola likawa ama ghali mno kwa mnunuzi, ama la hasara kwa muuzaji. Oktoba 1987 soko la hisa la New York likaporomoka, na waliokuwa wakinunua Porsche kwa faida za hisa wakatoweka. Kufikia 1993 Marekani ilinunua chini ya magari 4,000.

Dola ilikuwa nusu tu ya tatizo, nusu nyingine ilikuwa ndani ya geti. Kampuni ndogo hii ilikuwa inatengeneza familia tatu za magari ambazo karibu hazikuwa na kitu cha pamoja. 911 ilikuwa na injini ya silinda sita zilizolala, nyuma kabisa, ikipozwa kwa hewa. 928 ilikuwa na injini ya V8, yaani ya silinda nane, mbele. 944, na baadaye 968, ilikuwa na injini ya silinda nne mbele. Kila moja ilitaka injini yake, gia zake, spea zake na mafundi wake. Katika mwaka wa hesabu wa 1992/93 hasara ilifika karibu mark milioni 240.

Kusafisha kiwanda

Wendelin Wiedeking alishika uongozi wa kampuni katika kipindi hicho hicho. Alichofanya kwanza hakikuwa kubuni gari. Aliwaita washauri wa Kijapani, wahandisi waliokuwa wametoka Toyota, wawafundishe Wajerumani kutengeneza magari. Hebu fikiria uchungu wake: kiwanda cha Zuffenhausen, fahari ya uhandisi wa Ujerumani, kinaambiwa na wageni kwamba muda wake mwingi unaishia kwenye kutafuta vipuri na kurekebisha makosa. Rafu zilikuwa ndefu kupita kimo cha mtu na zilijaa akiba ambayo hakuna aliyeihitaji siku ile. Wiedeking mwenyewe alichukua msumeno wa umeme akazikata kwa nusu mbele ya wafanyakazi. Akiba ikapungua, nafasi ikapatikana, saa za kuunda gari moja zikashuka sana.

Ndipo ikaja Boxster mwaka 1996, na mwaka uliofuata 911 mpya ya kupozwa kwa maji. Magari haya mawili yalitumia kwa pamoja sehemu yote ya mbele: taa, milango na mengi usiyoyaona. Mapenzi ya wateja kwa Boxster yalipozidi uwezo wa kiwanda, Porsche haikukimbilia kujenga kingine. Iliwapa kazi Valmet wa Finland, huko Uusikaupunki. Kumbuka uamuzi huo, kwa maana ndio uliozaa Cayenne miaka michache baadaye: usijenge kwa fedha zako kile ambacho mwingine anacho tayari na hakitumii chote.

Kwa hiyo kufikia mwaka 2002 kampuni ilikuwa inauza tena zaidi ya magari 50,000 kwa mwaka, na ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wenye faida nono kuliko wote duniani kwa kila gari. Haikuwa na njaa. Ilikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Mtu anayeuza magari ya spoti peke yake anauza kitu ambacho mteja anaweza kukiahirisha mwaka mzima bila kupungukiwa na chochote.

Kwa nini SUV, na kwa nini na Volkswagen

Msomaji wa Uganda hahitaji kuelezwa sana kuhusu soko la wakati ule, kwa sababu masalia yake yako barabarani kwetu mpaka leo. Ile Toyota Harrier unayoiona kila pembe ya Kampala, ile ya umbo la kwanza, ndiyo iliyouzwa Marekani kwa jina la Lexus RX kuanzia 1998. Mercedes alikuwa amefungua kiwanda Alabama kutengeneza SUV yake, ML, tangu 1997. BMW akaleta X5 mwaka 1999. Kwa maneno mengine, mwenye 911 aliyekuwa na watoto na mbwa alikuwa tayari ana gari la pili uani, nalo halikuwa Porsche.

Porsche ilipima kwanza wazo la gari la familia lenye viti vingi, ikaliacha kwa sababu Wamarekani walikuwa wanalikimbia. Ikazungumza na Mercedes kuhusu kushirikiana kwenye ML, mazungumzo yakavunjika. Mwaka 1998 ikatangaza mradi wa pamoja na Volkswagen, ambao ndani ya kampuni uliitwa Colorado. Volkswagen wakati ule iliongozwa na Ferdinand Piëch, mjukuu wa Ferdinand Porsche, na yeye alikuwa na kiu ya kuipandisha kampuni yake kwenye daraja la magari ya kifahari. Udugu ulisaidia mlango kufunguka. Hesabu ndiyo iliyowaweka mezani.

Mgawanyo wenyewe unastahili kutazamwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki. Porsche, yenye wahandisi wengi na viwanda vichache, iliongoza usanifu wa msingi wa gari: chasi, uendeshaji wa magurudumu manne, shokapu. Volkswagen, yenye viwanda vikubwa, ilitengeneza bodi za pande zote mbili Bratislava, Slovakia. Touareg, SUV ya Volkswagen, na Cayenne zikatumia hata milango ileile. Bodi za Cayenne zilipakwa rangi kulekule, zikasafirishwa kwa treni hadi Leipzig, zikakutana na injini kutoka Zuffenhausen na kuunganishwa. Leipzig ilikuwa kiwanda cha kumalizia tu, na kwa hiyo kilikuwa cha bei nafuu. Wiedeking alikataa hata ruzuku ya serikali ya Ujerumani kwa ajili ya kiwanda hicho, akiamini kwamba kampuni ya anasa haina haki ya kula kodi za wananchi. Nampa heshima kwa hilo, na ningependa tulikumbuke kila mwekezaji anapokuja kwetu akidai ardhi ya bure na misamaha ya kodi ya miaka kumi.

Lengo lilikuwa magari 25,000 kwa mwaka. Si lengo la ndoto. Lilikuwa lengo ambalo hata likikosewa kidogo, kampuni isingeanguka, kwa sababu gharama kubwa zaidi zilikuwa zimegawanywa na mtu mwenye mifuko mirefu.

Gari lenyewe

Wapenzi wa 911 waliliita gari hili usaliti. Sura ya kwanza, sitaitetea: taa za 911 zilizobandikwa kwenye mwili wa kifaru. Lakini kilichokuwa chini ya sura hiyo kilifanywa kwa dhati. Cayenne Turbo ilikuja na V8 ya lita 4.5 na nguvu za farasi 450, ikaweza kumfikisha mtu kilomita 266 kwa saa ikiwa na uzito wa zaidi ya tani mbili. Gari hilohilo lilikuwa na gia ya chini ya kupandia milima na uwezo wa kuvuta tani tatu na nusu. Lenye springi za hewa liliweza kujiinua mpaka tumbo likawa sentimita 27 juu ya ardhi, na kuvuka maji yenye kina cha zaidi ya nusu mita. Karibu na kiwanda cha Leipzig walitengeneza uwanja wa matope na miteremko kwenye ardhi iliyokuwa ya mazoezi ya jeshi, ili mteja ajaribu gari kabla ya kuondoka nalo.

Waliosema kwamba Porsche haijui matope hawakuwa wameitazama historia yetu. Mashindano ya magari ya East African Safari yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika miaka ya sabini Porsche ilikuwa inaleta 911 kwenye mashindano hayo kila ilipoweza. Ilishika nafasi ya pili 1972, ikashika ya pili 1974, ikashika ya pili tena 1978 mikononi mwa Vic Preston Mdogo wa Kenya. Zile 911 za 1978 ziliinuliwa karibu sentimita 28 kutoka ardhini, zikawekewa vyuma tumboni. Pima hapo: gari la spoti lililokuja kuwania ushindi kwenye murram ya Afrika Mashariki lilisimama juu sawasawa na SUV iliyokuja robo karne baadaye. Kwenye mashindano ya Paris-Dakar, Porsche ilishinda 1984 na 1986. Ushindi wa Safari wenyewe haikuupata kamwe, lakini shule iliisoma, na sehemu ya darasa ilikuwa vumbi la kwetu.

Sokoni

Katika mwaka wa hesabu wa 2003/04 zaidi ya nusu ya magari yote ambayo Porsche iliuza yalikuwa Cayenne. Toleo la kwanza, hadi 2010, lilipita magari 270,000. Desemba 2020 Cayenne ya milioni moja ilitoka kiwandani. Mwaka 2014 mdogo wake, Macan, naye aliingia sokoni. Hesabu za 2023 zinaonyesha picha yote: magari 320,221 yaliyokabidhiwa kwa wateja, kati yake Cayenne 87,553, Macan 87,355, na 911 50,146. Yaani 911 peke yake, ile waliyosema itauawa na SUV, ilikaribia kuuza mwaka huo kiasi ambacho kampuni nzima iliuza katika mwaka wake mnono wa 1986.

Hapo ndipo pa kuipa Cayenne sifa yake halisi. Fedha zake zililipia utafiti wa 911 mpya hata katika miaka ambayo soko la magari ya spoti lilikuwa limelala. Iliiondolea kampuni utegemezi wa mteja mmoja wa California, maana China, Urusi na nchi za Ghuba zilitaka SUV kabla ya kutaka 911. Hiyo ni kinga, na kinga hupewa mtu mzima akiwa bado na afya.

Sehemu inayorukwa

Fedha hizo hizo zilimlevya mwenye nazo. Kuanzia 2005 Porsche ilianza kununua hisa za Volkswagen, kampuni iliyoizidi ukubwa mara nyingi. Ilikopa mabilioni ya euro kufanya hivyo. Msukosuko wa 2008 ulipobana benki, madeni yakawa kitanzi. Julai 2009 Wiedeking aliondoka. Volkswagen, aliyekuwa anawindwa, akageuka mwindaji: Desemba 2009 akachukua karibu nusu ya kampuni ya magari ya Porsche, na Agosti 2012 akamaliza iliyobaki. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyekata rafu kwa msumeno na kukataa ruzuku ndiye aliyepoteza uhuru wa kampuni, na alipoteza kwa mtaji uliochangiwa sana na Cayenne. Kisa kinachoishia kwenye grafu ya mauzo kinamnyima msomaji nusu ya ukweli.

Pia kulikuwa na dizeli. Cayenne ya dizeli ilikuja 2009, ikapendwa sana Ulaya, kisha ikaingia kwenye kashfa ya moshi ya kundi zima la Volkswagen. Septemba 2018 Porsche ilitangaza kuachana na dizeli, na Mei 2019 ikatozwa faini ya euro milioni 535 nchini Ujerumani.

Waliofuata

Njia bora ya kupima hoja yangu ni kumtazama Aston Martin, Mwingereza wa magari ya spoti. Walitengeneza SUV yao, DBX, wakaionyesha Novemba 2019. Gari zuri, nasema bila kusita. Lakini hawakuwa na mwenzao wa kugawana naye msingi wa gari. Injini waliichukua kwa Mercedes-AMG, mengine wakayabuni wenyewe, na wakajenga kiwanda St Athan, Wales, kwa ajili yake. Haya yote waliyafanya wakiwa na madeni, na hisa walizouza London mwaka 2018 waliziona zikiporomoka. Kabla ya DBX ya kwanza kumfikia mteja katikati ya 2020, ilibidi kundi la tajiri Lawrence Stroll liingize fedha kuzuia kampuni isizame. Mwaka 2021 DBX ilikuwa karibu nusu ya mauzo yote ya Aston Martin, yaani soko liliitikia. Na bado kampuni iliendelea kuhangaika na madeni. Ni gari la aina ileile lililotolewa na kampuni yenye sifa ya aina ileile, ila mwenyewe aliingia tumbo likiwa tupu.

Lamborghini alifuata njia ya Porsche kwa karibu, kwa msingi uleule wa Volkswagen ambao Cayenne ya tatu inautumia. SUV yake, Urus, ilijengwa juu ya msingi huo, na mauzo ya kampuni yakatoka 3,815 mwaka 2017 hadi 8,205 mwaka 2019. Ferrari alingoja mpaka 2022, akaleta Purosangue yenye V12 na akaahidi kwamba haitapita sehemu ya tano ya magari yake.

Maisha ya pili, Kampala

Hesabu za Stuttgart huishia kwa mnunuzi wa kwanza. Zetu huanzia kwa wa tatu. Cayenne nyingi zilizoingia Uganda zilikuja zikiwa zimetumika, kutoka Japani au Uingereza kwa kuwa usukani uko kulia, zikashuka Mombasa, zikavuka Malaba, zikakaa bondi zikingoja mwenye fedha. Hapo bei ya mnada si chochote. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25 wa Afrika Mashariki, VAT asilimia 18, asilimia sita ya kodi ya zuio, na tozo ya mazingira kwa gari lililozeeka. Tangu sheria ya usalama barabarani ilipobadilishwa 2018, gari lililotimiza miaka 15 haliingii kabisa. Maana yake toleo la kwanza la Cayenne limefungiwa mlango: zilizopo nchini ndizo hizo.

Na zilizopo zina jambo moja ambalo fundi mzuri hulitaja kabla hata hajafungua boneti. V8 ya mwanzo ilipitisha maji ya kupoza injini kwenye mabomba ya plastiki yaliyolala katikati ya safu mbili za silinda, chini ya manifoldi ya hewa. Joto la miaka hukausha plastiki hiyo mpaka inapasuka. Maji huvuja mahali pasipoonekana, yakatiririka nyuma juu ya gia na kwenye stata. Dereva huanza kwa kuongeza maji kidogo kila wiki, kisha siku moja kwenye mlima, msongamano ukiwa haujongei, injini inachemka. Dawa inajulikana dunia nzima: kuondoa manifoldi na kuweka mabomba ya aluminiamu. Kwa hiyo mteja anapokuja na Cayenne aliyoipenda, fundi humwambia, “Mzee, usilipe bado. Nionyeshe kwanza mabomba ni ya nini.” Jibu likiwa plastiki, bei inarudi mezani.

Tatizo la pili ni propela, mhimili wa kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, hasa beringi yake ya katikati inayoshikiliwa na mpira. Mpira ukichoka, gari linaanza kupiga ngoma chini ya viti ukikanyaga mafuta. Kwenye Harrier spea unaipata soko la Kiseka ndani ya saa moja, mpya au ya kuchomoa. Kwenye Cayenne unaagiza Dubai au Uingereza na kungoja. Aprili 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo alipoanzisha maonyesho ya mashimo ya Kampala mtandaoni na watu wakafurika na picha, sikushangaa kwamba wenye magari ya bei kubwa walilia pamoja na wa boda. Springi ya hewa inayoinua gari sentimita 27 ni neema shimoni, mpaka siku inapotoboka.

Kiira Motors, kampuni yetu ya serikali iliyozaliwa Makerere, nayo ilianza na gari dogo la umeme la watu wawili mwaka 2011, na leo nguvu zake ziko kwenye mabasi, Jinja. Nao wamehama kutoka gari la kuonyesha uwezo kwenda gari ambalo soko linalihitaji. Tofauti ni kwamba gharama zao zinabebwa na mlipakodi, na hakuna Volkswagen upande wa pili wa meza. Ningependa kuona hesabu zao zikichambuliwa hadharani kwa ukali uleule ambao dunia imeichambua Porsche.

Anayetafuta Cayenne sasa hivi anaangalia toleo la pili, lililotoka 2010, ambalo liliondolewa gia ya chini na kupunguzwa kilo 180 hivi, na lile la tatu kwa mwenye uwezo. Toleo la pili la mwanzoni nalo linafikia miaka 15, kwa hiyo atazame mwaka wa kutengenezwa kwenye hati kabla ya kutuma senti moja Japani.